Mguu wa Katikati

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Panya amekojolea kibodi tena. Nimefungua chumba cha kompyuta saa mbili asubuhi na harufu ikanipiga usoni kabla sijawasha taa. Nimefuta kitufe kimoja kimoja kwa pamba na spiriti, ndipo nikakaa kufanya kazi niliyopewa muhula huu.

Niiandike kazi yenyewe hapa ili nisije nikasahau ilivyoanza. Zahanati ya masista kule Adungosi inatumia umeme wa jua. Betri zilezile zinaendesha friji ya chanjo na taa za wodi ya wazazi. Mvua ikikaa siku nyingi betri hushuka, na taa humaliza umeme ambao friji ingeutumia. Sista Gaudencia, msimamizi wa zahanati, ametuomba tumtengenezee kifaa cha kuzima taa betri zikishuka, ili kidogo kinachobaki kiende kwenye friji. Bwana Ogendo, mkuu wa idara yetu ya elektroniki hapa chuoni Busia, amekubali, ila lazima saketi nzima ijaribiwe kwanza ndani ya kompyuta. Ndivyo alivyofundishwa Nairobi kwenye kozi ya wiki tatu.

Programu tunayo, disketi nne. Faili zinazoeleza tabia za transista Ogendo alirudi nazo. Lakini faili ni maandishi na nambari tu, huwezi kuiweka kwenye mchoro. Lazima mtu aichoree alama, mduara na mistari na mshale wake, kisha aiambie programu kila mguu wa alama unashikana na jina gani ndani ya faili. Kwa vifaa vya Ulaya alama zipo. Kwa hivi tunavyovipata mpakani, vinavyong'olewa kwenye redio mbovu za Kijapani, hazipo. Nimepewa orodha ya vifaa kumi na kimoja.

Ni kazi ya subira. Kwa mistari nina subira. Kwa watu sina.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimeenda Malaba kupima miguu ya transista kwa fundi Ikapel, ambaye ndiye atakayeunda kifaa chenyewe. Sijui nani alimchagua. Kibanda chake kiko nyuma ya foleni ya malori, mahali ambapo madereva wanajisaidia ukutani. Ndani kuna harufu ya solda ya kuchomelea waya, ya samaki wa omena na ya ugoro. Anavuta ugoro, anapiga chafya, anajifuta kwa kiganja, halafu kwa kiganja hichohicho ananipa kifaa nikishike. Nilikishika kwa ncha za vidole.

"Madam Asio, hii ndio C945," akasema. "Weka maandishi ikuangalie. Mguu ya kwanza emita. Ya katikati, kolekta. Ya mwisho, besi."

"Besi si huwa katikati?"

"Kwa zile za Mzungu, ndio. Mjapani anaweka kolekta katikati. Vijana wanachoma hizi kila siku juu hawajui."

Sikumwamini. Nikatoa mita yangu, nikapima mara tatu. Ilikuwa hivyohivyo alivyosema. Nikaandika kwenye daftari: moja emita, mbili kolekta, tatu besi. Nilipofika nyumbani niliosha mikono kwa sabuni ya kufulia, mara mbili.

Ijumaa, 12 Septemba

Alama mbili. Mshale wa emita ulikataa kunyooka siku nzima.

Jumatatu, 22 Septemba

Alama ya nane imekamilika. Bwana Ogendo alipita, shati jeupe, kola imepigwa pasi, ananukia kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Akainama nyuma ya kiti changu kutazama skrini. "Madam Asio, wewe ndiye mikono ya idara hii," akasema. Yeye ndiye atakayetia sahihi fomu yangu ya kuthibitishwa kazini mwisho wa muhula. Hata bila fomu, maneno yale yalinipendeza. Chuo hiki chote kina mtu mmoja msafi.

Jumatano, 1 Oktoba

Walimu wa serikali wamegoma. Sisi wa misheni hatugomi, tunanung'unika tu. Mvua imeanza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemaliza zote kumi na moja. Nimeunganisha saketi nzima kwenye skrini, nikaiambia kompyuta ishushe betri polepole. Mstari wa betri ukashuka, ukashuka, ulipogusa volti kumi na moja na nusu mstari wa taa ukaanguka chini wima. Mstari wa friji ukabaki juu.

Nilipiga makofi peke yangu. Nikahifadhi kazi kwenye disketi, nikaandika tarehe juu yake kwa wino.

Jumanne, 14 Oktoba

Wageni wanakuja Ijumaa, wale waliotupatia kompyuta. Ogendo amekagua alama zangu akakunja uso.

"Mbona nambari za miguu zimevurugika? Transista hii nambari mbili iko juu, ile nambari mbili iko kando. Inaonekana ovyo."

"Ni kwa sababu miguu yenyewe haifanani, bwana. Kwa C945 nambari mbili ni kolekta. Kwa hii nyingine nambari mbili ni besi."

"Fanya zote zifanane. Moja emita, mbili besi, tatu kolekta. Kama kwa kitabu."

"Itakuwa si kweli."

"Kompyuta itakataa?"

Hapo ndipo aliponishika, maana kompyuta haitakataa. Yenyewe inafuata majina ndani ya faili. Nambari zilizoandikwa kando ya miguu haizijali hata kidogo, hizo ni za mtu atakayeshika solda. Nilimweleza hivyo. Nilimweleza kwamba jaribio litapita vizuri na fundi atafunga vibaya.

"Fundi ni fundi," akasema. "Wageni ni wageni. Hebu nipishe hapo kitini."

Akakaa, akabadilisha nambari mwenyewe. Dakika ishirini tu. Halafu kwenye kona ya chini ya mchoro, pale nilipokuwa sijaandika kitu, akaandika: Umechorwa na J. Ogendo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wageni walikula kuku wetu wote. Kuna mmoja alirudi kwenye kompyuta na vidole vinang'aa mafuta akaugusa mchoro kwenye skrini, "Safi sana, safi sana," akaacha alama tano za vidole juu ya saketi. Ogendo alieleza kila kitu kwa dakika arobaini. Mimi niligawa soda. Wakapiga makofi. Nilipofuta ile skrini baadaye, kitambaa kilinuka kitunguu mpaka nikakitupa.

Jumanne, 21 Oktoba



Ikapel alikuja asubuhi kuchukua mchoro. Alikuwa ametoka Malaba kwa baiskeli, matope hadi magotini, akasimama mlangoni pa ofisi ya Ogendo akisita kukanyaga sakafu. Ogendo hakumkaribisha kiti. Alimsukumia karatasi juu ya meza kwa kidole kimoja.

Ikapel alisoma mchoro kwa muda mrefu. Anasoma kwa kufuata waya kwa ukucha, polepole, midomo ikicheza. Kisha ukucha ukasimama.

"Boss, hapa iko makosa."

"Makosa gani?"

"Hii C945. Mmeandika besi ni mbili. Mbili ni mguu ya katikati. Ya katikati ni kolekta."

Ogendo akacheka kidogo, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mzee, wewe ulisoma hadi darasa gani?"

"La saba, boss."

"Huu mchoro umepita kwenye kompyuta. Umeona? Kompyuta. Wageni wameuona, wameupitisha. Sasa wewe wa darasa la saba ndiye utaurekebisha?"

"Mimi sisemi kompyuta. Nasema mguu."

"Utafunga jinsi ilivyochorwa. Nitakuja nikague kila mguu na karatasi hii mkononi. Ukigeuza hata mmoja, kazi yako siipokei, natafuta fundi mwingine Busia hapa, wamejaa."

Ikapel akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyekumbuka kwamba chumbani kuna shahidi.

"Madam, si ulikuja kwangu? Si tulipima pamoja na mita yako? Mwambie."

Nilikuwa nimesimama kando ya kabati. Niliiona ile fomu yangu ndani ya trei ya Ogendo, jina langu juu, mahali pa sahihi pakiwa wazi. Niliona pia matope yanayodondoka kwenye suruali ya Ikapel, na nikakumbuka kiganja chake na ugoro, na kwa sekunde moja nikajiambia mtu kama huyu hawezi kuwa sahihi mbele ya mtu kama yule. Nilijua ni uongo hata nikiuwaza.

"Fuata mchoro," nikamwambia.

Akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, akatoka. Ogendo akasema, "Asante, Madam," kwa sauti ya chini, sauti ya watu walioshirikiana jambo.

Nilienda bombani nikaosha mikono, ingawa sikuwa nimeshika kitu. 

Jumatatu, 27 Oktoba

Ogendo alikagua kama alivyoahidi. Mguu kwa mguu, karatasi mkononi. Ikapel alishika taa.

Jumanne, 28 Oktoba

Kifaa kimefungwa Adungosi. Mvua ilipumzika leo, jua kali, betri zimejaa. Ogendo akawasha swichi, taa za wodi zikawaka, akasema, "Kinafanya kazi." Bila shaka taa ziliwaka. Betri zikijaa kifaa hakitakiwi kufanya chochote.

Nilisema labda tukijaribu kwa betri iliyoshuka, tuone kama kitazima. Ogendo akatazama saa yake. Sista Gaudencia alitushukuru sote kwa jina. Jina langu alilitaja mwisho, na akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Darasa la pili limejaa maji, vyura wanaogelea chini ya madawati. Mmoja amekanyagwa na hakuna aliyemwondoa. Redio inasema ni El Nino.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya tano bila jua. Kila nikitazama wingu nafikiria zile betri. Ogendo amekuja na mwavuli mpya, ananukia vilevile. Siku hizi harufu yake inanifanya nizibe pumzi mpaka apite.

Jumanne, 11 Novemba

Dada yangu Adeke ameingia chuoni saa saba mchana, amelowa mwili mzima, mtoto wake wa miezi tisa mgongoni amefunikwa na karatasi ya nailoni. Alikuwa anatoka zahanati ya Adungosi. Nilimletea taulo na chai, lakini alianza kusema kabla hajashika kikombe.

"Tumefukuzwa. Leo ilikuwa siku ya surua. Tulikuwa wamama karibu hamsini, wengine wamevuka mto kwa kushika kamba. Sista akatoka nje akasimama mbele yetu akasema, rudini nyumbani, chanjo zimeharibika zote."

"Zimeharibika vipi?"

"Friji imezima tangu jana. Taa za wodi zilimaliza umeme mpaka betri zikakauka. Alituonyesha kile kipimajoto, kumi na tisa, na chanjo haitakiwi kupita nane. Ile dawa yote imetupwa kwa ndoo. Na kile kifaa chenu, Asio, si mlisema kitazima taa?"

Nilimsogezea kikombe.

"Kuna mama mmoja ametoka mbali huko juu, mapacha wawili, mmoja kifuani na mmoja mgongoni. Alikaa chini kwenye matope akaanza kulia. Kijijini kwao kuna watoto wameanza kutoka vipele."

Akanywa chai. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wanasema ni yule fundi wa Malaba. Eti alifunga vibaya juu ya ulevi."

Ikapel hanywi. Katika machukizo yote niliyoandika humu juu yake, ulevi haumo.

Nilimbeba mtoto wakati Adeke akibadilisha nguo. Alinishika pua. Nilishindwa kumtazama.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumeitwa ofisini kwa Mkuu wa chuo, Bwana Obuya: Ogendo, mimi na Ikapel. Viti vitatu. Ikapel alisimama.

Ripoti ilikuwa imepigwa chapa tayari, ukurasa mmoja. Ilisema mchoro ulikuwa sahihi na jaribio la kompyuta linathibitisha hivyo. Ikasema fundi wa nje, kwa kukosa elimu ya kutosha, aligeuza miguu ya transista mbili, na kwamba chuo kitamtangaza kwa misheni zote asipewe kazi tena. Chini palikuwa na sahihi ya Ogendo, na nafasi ya shahidi. Jina langu lilikuwa limeshapigwa chapa chini ya ule mstari.

"Tia sahihi, Madam, tumalize," akasema Ogendo, akanipa kalamu yake. Ilikuwa na joto la mkono wake.

Nikaiweka mezani.

"Mkuu, mchoro ndio mbovu," nikasema. "Fundi alifunga kama mchoro ulivyosema. Alituambia mchoro una makosa, tukamkatalia."

Nikatoa disketi yangu ya tarehe tisa na daftari la Malaba. Mkuu hajui transista, lakini anajua tarehe. Nilimwonyesha mchoro wangu na mchoro wa Ogendo, nambari kwa nambari. Nikamwonyesha C945 yenyewe, nikampa mita apime kwa mkono wake. Alipima. Akaipima tena, kama nilivyoipima mimi siku ile.

Ogendo hakumtazama Mkuu. Alinitazama mimi. "Kwa hivyo wewe ulijua. Tangu tarehe kumi na nne ulijua, ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Na huyu alikuuliza mbele yangu, ukamwambia afuate mchoro."

"Ndiyo."

"Basi tuko pamoja, Madam."

Ni maneno ya kweli ya kwanza niliyomsikia akisema, na hakuna tusi lililowahi kuniingia hivyo. Nilitamani kujivua ngozi.

Mkuu alichana ripoti. Nje, kwenye ukumbi, nilimfuata Ikapel, nikaanza kusema pole. Akavaa kofia yake.

"Ungesema siku ile," akasema. Hakungoja jibu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeenda Malaba asubuhi, nikamkuta kibandani. Nilimwambia nataka twende Adungosi tukarekebishe kifaa. Alimaliza kwanza redio ya mteja, akaniacha nimesimama nje, upande wa ukuta wa madereva, na ile harufu yote. Nilisimama. Kisha akachukua begi lake.

Kazi yenyewe ilikuwa robo saa. Aling'oa C945 mbili, akazigeuza miguu, besi mahali pa besi, akachomelea. Mimi nilishika karatasi mpya niliyoichapisha Ijumaa. Alipomaliza alifuata waya zote kwa ukucha, na mimi nikafuata nyuma yake kwa mita. Hatukuzungumza isipokuwa majina ya miguu.

Chanjo mpya zilikuwa zimefika kutoka Busia kwenye kasha la barafu. Sista Gaudencia aliniuliza swali moja tu: "Mmejaribu na betri ikiwa chini?"

"Bado, Sista. Tutangoja."

Tulingoja. Tuliacha taa zote zimewaka. Mvua ilikuwa nzito na wingu jeusi, saa kumi alasiri ungedhani jua limeshatua. Mita ilisoma kumi na mbili, ikashuka sehemu moja moja. Ndani ya wodi mkunga alikuwa anamshona mama aliyejifungua mchana.

Saa kumi na dakika ishirini taa zote zilizima kwa pamoja.

"Aa! Nani amezima?" mkunga akapiga kelele. "Nina sindano mkononi hapa!"

Sista alikwishakimbilia friji, si wodi. Aliweka kiganja juu ya mlango wake, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Inanguruma," akasema. Halafu akapaza sauti: "Washeni kandili huko! Taa ni vizuri zimezima!"

Ikapel alipiga chafya, akajifuta, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Jumanne, 18 Novemba

Mtoto wa Adeke amechanjwa. Alilia kidogo. Yule mama wa mapacha hakurudi. Sista ametuma mtu kumtafuta.

Alhamisi, 20 Novemba

Ogendo hajaadhibiwa. Amehamishwa Nairobi, kwenye ofisi inayosimamia vyuo vyote vya misheni, awafundishe wengine kutumia programu. Wameandaa chai ya kumuaga na keki. Nilikata kipande, nikakiangalia, nikakirudisha sahanini. Fomu yangu haina sahihi, Mkuu anasema itatazamwa Januari.

Wakati wa chai mhasibu aliniambia, kwa furaha, kwamba kazi yetu imefika mbali. Siku moja baada ya wageni kuondoka, Ogendo alinakili alama zote kumi na moja kwenye disketi akazituma kwa vyuo saba. Kisii, Kitui, Lodwar, na kwingineko.

Miguu ya katikati saba. Mafundi saba wataambiwa kompyuta haikosei.

Jumatatu, 24 Novemba

Kompyuta imefungiwa stoo mpaka muhula ujao, kwa hiyo nimeandika kwa mkono. Barua ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima. Nilichana karatasi nne, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika jina la Ogendo, na nikilifikia nakunja uso na sentensi inaishia hapo. Nikaacha jina lake. Ya saba ilinichukua dakika kumi. Zote zinasema hivi:

"Mliletewa alama za transista kutoka Busia. Alama ya C945 ina makosa, na nyingine huenda zinayo. Msimpe fundi mchoro wenu kabla hamjapima kila mguu kwa mita. Fundi akiwaambia mmekosea, msikilizeni. Alama hizi nilizichora mimi, Asio Okwakol. Zilipoharibiwa niliona, nikanyamaza, na chanjo za watoto zikaharibika."

Nimezipeleka posta mwenyewe, nikingojea foleni na viatu vimejaa maji. Karani akazihesabu, akauliza kama ni mialiko ya harusi.

"Hapana," nikasema. "Piga muhuri."